Kufunga injini ya 5K kwenye Corolla KE70 kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili

Corolla KE70 nyingi zinazokwama nusu ya kazi hazikwami kwa sababu mwenye gari hajui kushika spana. Zinakwama kwa makosa yale yale: injini imenunuliwa kwa kuangaliwa rangi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inagusa krosimemba (chuma kinachokatiza chini ya injini), gia boksi imevunjika sikio (pembe inayoingia bolti) kwa kuvutwa na bolti, au gari limewaka vizuri asubuhi na kufikia mchana hedi (kipande kinachofunika silinda kwa juu) imepinda kwa joto. Hapa nimeipanga kazi yote kwa mfuatano wake, na sababu ya kila hatua, ili ukifika mahali pa hatari ujue kabla hujalipia.

## Kwa nini 5K

KE70 nyingi zilikuja na injini ya 4K yenye ujazo wa cc 1290. 5K ina cc 1486. Ongezeko hilo la cc 196 linaonekana dogo kwenye karatasi, ila ni kama asilimia 15, na utalisikia kwenye mlima, gari likiwa na watu wanne na mizigo, pale ulipozoea kurudi gia ya pili.

Jambo kubwa ni hili. Mwendo wa pistoni wa 4K ni milimita 73. Wa 5K ni milimita 73 vilevile. Kilichoongezeka ni upana wa silinda, kutoka milimita 75 hadi 80.5. Kwa kuwa krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inazunguka kwenye nafasi ile ile na bloku haikurefuka, sampu ya 4K, mauntingi (vishikizi vya mpira vinavyobeba injini), manifoldi (njia za hewa na moshi kwenye hedi) na gia boksi vinaingia bila kuchomelea chochote. Bei ya injini si gharama kubwa katika kazi hii. Gharama ni siku za mchomeleaji na vipuri vya kutengenezwa kwa mkono, na injini ya ukoo mmoja inakuondolea vyote viwili.

Wengi huniuliza kuhusu 7K, kwa sababu ina cc 1781. Ni injini nzuri, lakini mwendo wake wa pistoni ni milimita 87.5, kwa hiyo bloku ni refu zaidi. Hapo ekzosi haikai palipokuwa, na nafasi ya chini ya boneti inakuwa finyu. Wengine wanataka 4A-GE, injini ya Corolla AE86, kwa sababu ya mlio wake. Hiyo ni kazi nyingine na mfuko mwingine: gia boksi, mauntingi, ekzosi na nyaya, vyote vinabadilika. Ukiwa na bajeti ndogo, baki kwenye ukoo wa K.

5K utaipata kwenye LiteAce na TownAce, zile za abiria na zile za kubebea mizigo. Pia ilifungwa kwenye fokolifti. Ya fokolifti iache, hata ikiwa bei yake ni ndogo. Ilipangwa kwa kazi ya mzunguko mdogo, na vitu vilivyofungwa juu yake havifanani na vya gari la barabarani.

## Andaa hivi kwanza

Usifungue hata nati moja kabla vitu vya orodha hii havijakamilika. Gari lililofunguliwa na kungoja gasketi wiki tatu hupoteza bolti, na mara nyingi hupoteza na mwenyewe hamu.

Vipuri vipya:
- gasketi seti ya 5K, si ya 4K
- oili sili ya mbele na ya nyuma ya krenki
- klachi pleti, presha pleti na beringi ya klachi
- beringi ndogo ya kwenye tako la krenki
- pampu ya maji, thamostati ya nyuzi 82 na hozi zote za maji
- feni belti, plagi nne, nyaya za plagi, rota na kifuniko cha distribyuta
- mauntingi mbili za injini na moja ya gia boksi
- oili lita 4, filta yake, na kulanti

Zana:
- winchi ya mnyororo ya tani 1 na nguzo ya chuma ya kuitundikia
- stendi nne za gari na jeki ya magurudumu
- spana za milimita 10 hadi 19, na soketi zake
- toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza)
- geji ya kompresheni
- fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na taa ya taimingi, hata ya kuazima
- mfuko wa vibandiko, kalamu isiyofutika na simu yenye kamera

Kuhusu gasketi, narudia maana hapa ndipo watu hupoteza injini. Gasketi ya hedi ya 4K inakaa juu ya bloku la 5K, na matundu ya bolti yanalingana. Lakini duara zake ni za silinda ya milimita 75. Ukiifunga, ukingo wake unaingia ndani ya silinda, unawaka moto na kuungua. Dukani watakuambia "zote K, zinaingiliana." Chukua rula, pima duara. Ikiwa chini ya milimita 80.5, irudishe.

Onyo: usitundike winchi kwenye tawi la mwembe. Injini na gia boksi pamoja vinazidi kilo 100, na tawi bichi hulia mara moja tu kabla ya kukatika.

## Hatua ya 1: Nunua injini kwa masikio na vidole

Iwe unanunua Gerezani Dar es Salaam au Grogan Nairobi, muuzaji ameshaisafisha injini kwa petroli na kuipaka rangi ya fedha. Rangi haikuambii kitu.

Anza na namba. Sugua bloku kwa brashi ya waya mpaka uione herufi ya 5K na namba ya injini iliyogongwa. Ikiwa pamesagwa au namba zimepandana, ondoka, bei iwe yoyote. Ikiwa ni safi, ipige picha na udai risiti yenye namba hiyo. Utaihitaji mwishoni.

Fungua kifuniko cha oili na utazame kwa chini. Utandu mweupe kama maziwa mgando ni maji yaliyoingia kwenye oili. Pitisha kidole ndani: masizi meusi makavu yanayotoka kama mkaa ni injini iliyokimbizwa bila kubadilishwa oili.

Kisha toa plagi zote nne na uzungushe krenki kwa spana kwenye bolti ya puli. Inatakiwa izunguke kwa uzito ulio sawa, bila kukwama na bila kukwaruza. Shika puli kwa mikono miwili, isukume ndani na uivute nje. Ukisikia "tok, tok", krenki ina mchezo wa kwenda mbele na nyuma. Hiyo iache.

Mwisho ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Omba betri na stata, funga geji, zungusha kwa sekunde tano kila silinda. Kwenye injini ya baridi iliyokaa dukani natafuta psi 150 au zaidi, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15. Namba zinazolingana ni muhimu kuliko namba kubwa. Silinda tatu zenye 160 na moja yenye 110 mara nyingi ni valvu iliyoungua au ringi iliyovunjika.

Nilinunua 5K yangu ya kwanza kwa haraka, jioni, duka likikaribia kufungwa. Muuzaji alisema betri imeisha, nikakubali kutopima. Nilipoifikisha nyumbani silinda ya tatu ilikuwa na psi 60. Nilifanya kazi ya kuifunga mara mbili na kulipia gasketi mara mbili. Tangu siku hiyo naenda na betri yangu mwenyewe.

Umefanikiwa ukiwa na: namba safi, risiti, kompresheni nne zinazolingana, na krenki isiyocheza.

## Hatua ya 2: Weka alama kabla ya kufungua

Toa terminali hasi ya betri. Piga picha kila upande wa injini ya zamani, karibu na kwa mbali. Bandika namba kwenye kila waya na namba ile ile pale unapotoka. Fanya hivyo kwa mabomba ya hewa ya kabureta pia, kwa sababu ni mengi na yote ni meusi.

Bolti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake na uuandike jina. Kazi hii inakula saa moja. Anayeiruka huipoteza siku nzima mwishoni, akijaribu kukumbuka waya wa kijani wenye mstari mwekundu ulitokea wapi.

## Hatua ya 3: Toa injini ya zamani pamoja na gia boksi

Inawezekana kuitoa injini peke yake na kuiacha gia boksi chini ya gari. Sikushauri hivyo kama ni mara yako ya kwanza. Kuviunganisha nje, sakafuni, unaona unachofanya. Kuviunganisha ndani ya gari unafanya kwa kupapasa.

1. Mwaga maji na oili. Toa rejeta, boneti na kikombe cha filta ya hewa.
2. Toa ekzosi kwenye manifoldi. Nati zikigoma zipake oili ya kupenyeza na ungoje usiku mmoja. Bolti iliyokatika ndani ya manifoldi ni kazi ya nusu siku.
3. Ndani ya gari, fungua buti ya gia na utoe mkono wa gia.
4. Chini, weka alama ya rangi kwenye flanji ya propela shafti na ya difu, ili irudi ilipokuwa. Isiporudi, gari litatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa.
5. Ukichomoa propela, oili ya gia boksi itamwagika kwa nyuma. Funga mdomo wake kwa mfuko wa plastiki na mpira.
6. Toa waya wa spidi mita, nyaya za taa ya kurudi nyuma, klachi na ethi ya bodi (waya mnene unaounganisha injini na bodi).
7. Funga mnyororo kwa pembe mbili za injini zinazokabiliana. Kaza winchi mpaka mnyororo usimame, ndipo ufungue mauntingi na krosimemba ya gia boksi.

Inua pua ya injini iende juu na mkia ushuke. Mtu mmoja kwenye winchi, mwingine kwenye gia boksi, na asiwepo mtu chini ya gari.

Injini ikishatoka, osha chumba chake. Hutapata nafasi nyingine ya kuona kutu kwenye trei ya betri na paipu ya breki iliyoliwa.

## Hatua ya 4: Ivike 5K mavazi ya 4K

Weka injini mbili sambamba sakafuni. Kanuni ni moja: kila kinachogusa gari hutoka kwenye 4K, na kila kinachogusa mwako hubaki cha 5K.

Vitakavyohama kutoka 4K ni sampu, paipu ya kunyonyea oili pamoja na kichujio chake, mabano ya mauntingi, manifoldi, distribyuta na kijiti cha kupimia oili pamoja na mrija wake.

Sampu ndiyo inayosumbua wengi. Kwenye LiteAce injini iko chini ya viti, na sampu yake imekatwa kufuata umbo la gari hilo. Ukiingiza injini na sampu ya LiteAce, itagusa krosimemba kabla ya mauntingi kufika. Watu huongeza washa chini ya mauntingi ili kuinyanyua, na hapo propela inakaa pembe mbaya na krosi (viungo vya propela) zinakufa. Badilisha sampu.

Na ukibadilisha sampu, badilisha kichujio cha kunyonyea oili pia. Vinakwenda pamoja. Kichujio kirefu kinagusa sakafu ya sampu na kujiziba, kifupi kinanyonya hewa kila ukipiga kona. Pima hivi: bandika donge la udongo wa kuchezea watoto chini ya kichujio, weka sampu na gasketi bila kukaza sana, kisha uitoe. Kata lile donge uangalie unene wake. Kati ya milimita 6 na 10 uko salama.

Kwenye manifoldi, chukua gasketi mpya, iweke kwenye hedi ya 5K, kisha kwenye manifoldi ya 4K. Matundu yaonekane yote bila ukingo wa gasketi kuziba njia. Kwenye injini za K, kabureta na ekzosi viko upande mmoja, kwa hiyo gasketi ni moja na uvujaji wa hewa hapo ni rahisi kutokea. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo.

Pampu ya petroli ya 4K inasukumwa na kemishafti (shafti inayofungua valvu). Baadhi ya 5K zina kifuniko bapa mahali pake. Fungua kifuniko uangalie kama kuna jicho la kuisukuma pampu. Kama halipo, tumia pampu ndogo ya umeme ya kabureta, yenye presha ya psi 3 hivi. Pampu ya gari la injekta itaifurisha kabureta na inaweza kuleta moto.

Injini ikiwa bado nje, badilisha oili sili ya nyuma, sili ya mbele, pampu ya maji, na plagi za bloku (vizibo vya chuma vya njia za maji, si plagi za cheche) zilizoanza kuliwa na kutu. Sili ya nyuma ni kipuri cha bei ndogo ambacho, kikivuja baadaye, kinadai utoe gia boksi nzima.

Tapeti (visukumio vya valvu): 5K nyingine zina tapeti za haidroliki, hazirekebishwi. Kama zako ni za kawaida, weka nafasi ya milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza hewa na 0.30 kwa za ekzosi, injini ikiwa ya moto baada ya kuiwasha kwenye hatua ya 9.

## Hatua ya 5: Flaiwili, klachi, na ile beringi ndogo

Hesabu bolti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) kwenye injini zote mbili na uzilinganishe kwa kuziweka. Ukitumia flaiwili ya 4K, tumia klachi ya 4K. Ukitumia ya 5K, hakikisha presha pleti inaingia ndani ya hausingi ya klachi bila kukwaruza, na pleti ina meno yanayoingia kwenye shafti ya gia boksi yako. Ijaribu kwa mkono: pleti iteleze kwenye shafti bila kulazimishwa.

Sasa tazama katikati ya tako la krenki, yaani mwisho wake wa nyuma. Pale kuna tundu, na ndani yake beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Kama injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, beringi hiyo haipo. Bila hiyo shafti inayumba, gia zinapiga kelele, na ndani ya muda mfupi gia boksi imekwisha. Gonga mpya kwa soketi yenye kipenyo sawa na ukingo wake wa nje.

Pleti ifungwe ikiwa katikati kabisa. Kama huna kifaa cha kuilengesha, chonga kijiti cha mbao ngumu kinachoingia kwenye beringi na kwenye meno ya pleti. Jicho lako litasema iko katikati wakati haiko.

## Hatua ya 6: Kuunganisha gia boksi

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu vipande vya hausingi zilizovunjika nimevishika mikononi mara nyingi sana.

Laza gia boksi kwenye jeki, usawa na injini. Isukume mpaka shafti iingie kwenye pleti. Itafika mahali na kusimama, imebaki sentimita moja au mbili. Ni kawaida. Ama meno hayajalingana, ama ncha haijaiona beringi.

Weka gia ya nne, zungusha shafti ya nyuma ya gia boksi taratibu huku mwenzako anasukuma. Tikisa mkia juu na chini kidogo. Ikilingana utaisikia: inateleza yenyewe na kugonga kwa sauti nzito, chuma kwa chuma.

Haijagonga? Itoe, angalia pleti kama imekaa katikati, anza tena. Usitie bolti ukaikaza ili ziivute. Bolti ina nguvu ya kuvunja sikio la aluminiamu na kupinda pleti, na haina macho ya kuona shafti imekwama wapi. Bolti ni za kushikilia vitu ambavyo tayari vimekutana.

Umefanikiwa ikiwa: nyuso mbili zimegusana pande zote kwa mkono mtupu, na krenki bado inazunguka kwa spana.

## Hatua ya 7: Kuingiza ndani ya gari

Shusha kwa njia ile ile uliyotolea, mkia kwanza. Ingiza bolti zote za mauntingi kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Kisha krosimemba ya gia boksi. Kaza ukiwa umeachia winchi, ili uzito wa injini ujitafutie mahali pake.

Propela irudi kwenye alama zake. Ekzosi ifungwe na gasketi mpya. Nyaya zifuate picha zako.

Usisahau ethi. Waya mnene kutoka injini kwenda bodi ukiachwa, umeme wa stata utatafuta njia kupitia kebo ya akseleta na kuiunguza. Nimeona kebo imekuwa nyekundu kama kaa la moto, mwenye gari akifikiri ni betri.

## Hatua ya 8: Maji

Kwanza peleka rejeta ya zamani kwa mtu wa kuzibua. Injini kubwa inatoa joto zaidi, na rejeta ya miaka 40 mara nyingi ina nusu ya mirija iliyoziba.

Pili, thamostati ibaki. Najua fundi wako atakuambia huku kwetu kuna joto, itoe. Bila thamostati injini inachelewa kufika joto lake asubuhi, inakula petroli na kuchafua oili. Gari lililokuwa likichemsha na likaacha baada ya kutolewa thamostati lilikuwa na thamostati mbovu. Weka nzima. Ijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto: inafunguka kabla maji hayajaanza kuchemka sawasawa.

Tatu, hewa. Egesha gari pua ikiwa juu, fungua bomba la hita mpaka mwisho, jaza kulanti polepole huku ukikamua hozi ya juu kwa mkono. Vipovu vikiisha, ongeza tena. Hewa iliyobaki ndani ya hedi haipimwi na geji ya joto, kwa hiyo sindano itakaa katikati huku hedi inaungua.

## Hatua ya 9: Kuwasha mara ya kwanza

Jaza oili. Toa plagi zote, chomoa waya wa koili, na uzungushe stata kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime. Isipozima baada ya vipindi vitano au sita, usiwashe. Rudi kwenye kichujio cha sampu.

Tafuta pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu. Ziba tundu la plagi kwa kidole, mwenzako azungushe krenki kwa spana. Hewa ikikisukuma kidole chako, simamisha pale alama ya puli inapofika sifuri. Rota ya distribyuta iwe inaelekea waya wa silinda ya kwanza. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Rudisha plagi na waya wa koili, washa. Ikiwaka, macho yako yawe kwenye vitu vitatu: taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, hakuna kinachodondoka chini, na hozi ya juu ya rejeta ianze kupata moto baada ya dakika kadhaa, ishara kwamba thamostati imefunguka. Iache isage kwa dakika 15 bila kuikanyagia. Zima, ingoje ipoe, angalia maji na oili, kaza tena bolti za manifoldi.

## Hatua ya 10: Taimingi na kabureta

Taimingi ni wakati plagi inapotoa cheche. Soma kibandiko cha gari iliyotoa injini kama kipo. Kama hakipo, anza na nyuzi 8 kabla ya sifuri, bomba la vakyumu likiwa limechomolewa na kuzibwa, kisha ujaribu kwenye mlima. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo unapokanyaga kwenye gia ya tatu, rudisha nyuzi mbili. Usiuzoee mlio huo, unatoboa pistoni.

Kabureta ya 4K itaendesha 5K, lakini mara nyingi inatoa petroli pungufu. Endesha kilomita 20 kwa mwendo wa kawaida, zima injini ukiwa bado kwenye mwendo na klachi imekanyagwa, ukae kando ya barabara mahali tambarare pasipo na magari. Toa plagi. Rangi ya biskuti ni sawa. Nyeupe kama chaki maana yake petroli ni kidogo: chukua jeti kuu (vitundu vinavyopimia petroli) za kabureta ya 5K, zijaribu kwa mkono kama uzi wake unaingia, ubadilishe. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi.

Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga akseleta, iwe karibu na mizunguko 750 kwa dakika, bila kutetemesha usukani.

## Hatua ya 11: Breki, kabla ya kufurahia

Badilisha hozi za breki za mbele kama zina nyufa, mwaga fluidi ya zamani yote, na pima unene wa diski na brekipedi. Gari lililokuwa likipanda Kitonga kwa gia ya pili sasa litapanda kwa ya tatu, lakini linashuka na breki zile zile za mwaka 1980. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu fluidi yenye maji inachemka na pedali inazama hadi sakafuni. Sehemu hii ya bajeti usiikate hata kidogo.

## Hatua ya 12: Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Tanzania peleka mabadiliko TRA, Kenya NTSA, ukiwa na risiti ya injini na ile picha ya namba. Mwambie na mtu wa bima. Namba isiyolingana haikusumbui siku ya kawaida. Inakusumbua siku ya ajali, au siku unauza gari na mnunuzi anafungua boneti.

## Kilomita 500 za mwanzo

Ukifika kilomita 50, kaza tena nati za mauntingi, ekzosi na flanji za propela. Kila asubuhi kwa wiki mbili angalia maji injini ikiwa ya baridi. Yakipungua bila tone chini, pima kompresheni tena kabla ya safari yoyote ndefu.

Kilomita 500 mwaga oili yote na filta, hata kama inaonekana safi. Imimine kwenye beseni jeupe chini ya jua na uizungushe taratibu. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa injini iliyokaa muda mrefu. Ukiona chembe zinazong'aa kama dhahabu, hizo ni za beringi za krenki: egesha gari na ufungue sampu.